Mbio za baiskeli Kigali: achana na finishi, panda mlimani

Nafundisha vijana baiskeli, kwa hiyo mbio ikija jirani simu haziishi, kocha nisimame wapi nione vizuri? Jibu langu halibadiliki: popote ila kwenye finishi. Pale utaona helmeti zinapita fyuu na migongo ya waliokutangulia, basi.

Mfano mzuri ni ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani wa Septemba 2025, wa kwanza kufanyika Afrika. Mbio ya wanaume ilikuwa tarehe 28, kilomita 267.5, na karibu yote ni kuzunguka mjini: mizunguko 9 ya kilomita 15.1, halafu kitanzi kimoja kikubwa kinachopanda Mont Kigali, halafu 6 tena. Kwa mtazamaji hiyo ni zawadi, maana kila baada ya dakika ishirini na kitu wanarudi ulipo.

Sasa kwa nini mlimani? Kwenye tambarare, wakiwa spidi 45, adui ni upepo, anayejificha nyuma ya mwenzake anaokoa hata theluthi ya nguvu, kwa hiyo mchovu na mzima unawaona wako pamoja, huwezi kuwatofautisha. Mlima ukianza spidi inashuka, kujificha nyuma ya mwenzako hakusaidii sana tena, kila mmoja anabeba kilo zake mwenyewe, na hapo ndo ukweli unatoka. Angalia mabega, yakianza kuyumba huyo kaisha. Angalia na mdomo pia, Kigali iko juu ya mita 1,500 na hewa ni nyepesi, aliyetoka usawa wa bahari anahema mdomo wazi mapema tu.

Siku yangu niliipanga kinyume na wengi. Asubuhi sikwenda Convention Centre walikoanzia, nilikwenda Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili unakisikia kila kona, nikanywa chai na chapati Biryogo kwenye ule mtaa uliofungwa magari wakaupaka rangi, nikapita msikitini nikazungukazunguka bila haraka, maana kile kitanzi kikubwa kilikuwa kinapita huko mara moja tu, mchana. Nikajisogeza hadi Mur de Kigali, mita kama 400 za mawe, mwinuko asilimia 11. Wenyeji wanapaita kwa Mutwe na Tour du Rwanda, mbio ya kila mwaka ya kuzunguka nchi, imewazoesha, walishajaa ukutani, juu ya paa, kila mahali.

Mbio ilivunjikia upande huo. Pogačar, Mslovenia aliyekuwa bingwa mtetezi, alishambulia Mont Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, Ayuso wa Hispania na Del Toro wa Mexico wakamfuata, na baadaye akabaki peke yake kwenye ile mizunguko ya mwisho hadi akashinda. Watu walisema kichaa. Mimi naona ni hesabu, kozi yenye vilima visivyoisha haina mahali ambapo kundi la nyuma linaweza kujipanga likamvuta, kila wakianza kushirikiana kilima kingine kinawatawanya. Evenepoel wa Ubelgiji alibadilisha baiskeli mara mbili na bado akawa wa 2, Healy wa Ireland wa 3, na waliomaliza walikuwa 30 tu.

Wakishapita Mur ni kutembea kwa mguu, barabara zimefungwa na bodaboda hazipiti, mpaka Kimihurura, kilima cha mawe wanachokipanda kila mzunguko, ukamalizie kutazama hapo. Njiani ingia kwenye duka la maziwa, agiza ikivuguto baridi, yaani maziwa ya mgando, jioni brosheti, mishkaki ya huko. Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari, ipangie siku yake peke yake tafadhali, wamelala pale watu zaidi ya 250,000, siyo mahali pa kukimbilia katikati ya mizunguko na vuvuzela mkononi.

Kama ile ilikupita, Tour du Rwanda iko kila Februari, kwa kawaida inamalizikia Kigali na barabarani hulipi kitu. Vaa viatu vya kutembelea tu, sio sendo.