Sikukuu ya kwanza bila yeye: maswali na majibu kuhusu msiba na sherehe za familia

Matanga yakiisha, turubai hukunjwa, viti vya kukodi hurudishwa na watu hurudi makwao. Kisha inakuja Idi, au Krismasi, au harusi ya mdogo wa marehemu, na nyumba iliyokuwa imeanza kutulia inavurugika upya. Haya ni maswali ambayo waliofiwa huuliza zaidi nyakati hizo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: marehemu apewe nafasi katika sherehe, nafasi ndogo ambayo familia imeipanga na kuikubali. Akifichwa, atajitokeza tu katikati ya shughuli, kwa kilio cha mtu mmoja aliyejifungia jikoni.

Tulianua matanga mwaka jana. Mbona sikukuu ikikaribia naumia kama ndiyo kwanza nimepata habari?

Kwa sababu siku za kawaida umeshazizoea bila yeye, sikukuu bado. Tuseme ni mama: Jumatatu ya kazini hakuwepo hata enzi za uhai wake. Asubuhi ya Idi ni yeye aliyeamka kabla ya adhana kukaanga kaimati, akawaamsha wote waoge, akaamua nani avae nini. Siku hiyo ina kazi zilizokuwa zake, na kila kazi isiyo na mtu inakukumbusha kwamba hayupo. Isitoshe, kumbukumbu hujifunga na harufu, nyimbo, mahali na majira ya mwaka. Unaweza kujikuta umekasirika au umechoka bila sababu, kisha ukitazama kalenda ukagundua ni wiki mbili kabla ya tarehe aliyofariki. Hali hii inajulikana sana katika afya ya akili na si ugonjwa. Wengi husimulia kwamba siku zinazotangulia ndizo zilizowatesa, na siku yenyewe ilipita kwa wepesi kuliko walivyohofia.

Wapo pia wanaodhani wamerudi nyuma kwa sababu wamesikia kuna hatua tano za huzuni, na wao walishafika ya mwisho. Hatua hizo zilielezwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hazikuwa ratiba ya waliofiwa. Maelezo yanayowafaa zaidi wafiwa yalitolewa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii analia mbele ya picha, saa ijayo anahesabu ada ya shule, kesho analia tena. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomsaidia apone. Kwa hiyo, ukicheka na binamu zako siku ya Krismasi hujamsaliti marehemu, na ukilia baada ya mwaka mzima wa kuwa sawa hujaharibu kitu.

Mwili nao unauma. Nitajuaje kama ni huzuni au ni ugonjwa?

Huzuni hukata usingizi, huondoa hamu ya kula, hubana kifua na kuleta uchovu usioelezeka. Lakini usijitibu kwa kukisia. Maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya, jasho la baridi, kupumua kwa shida: nenda hospitali mara moja, hata kama pilau liko jikoni. Moyo huweza kudhurika kweli kwa majonzi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo misuli ya moyo hudhoofika ghafla baada ya mshtuko mkubwa, na wengi wanaoipata ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi.

Mwenye presha au kisukari anayesafiri kwenda kijijini afungashe dawa kwanza, nguo baadaye. Na pombe: anayekunywa ili alale hupata usingizi wa mwanzo tu, huamka usiku wa manane na huzuni nzito zaidi. Wanaume wanaombwa wawe wagumu msibani, halafu sikukuu inawapa ruhusa ya kunywa. Waangalieni.

Binti yetu anaolewa Novemba. Baba yake alifariki Machi. Tumtaje vipi bila kugeuza harusi kuwa msiba?

Anzeni kwa kumuuliza bibi harusi mwenyewe. Kamati nyingi humuuliza mshereheshaji, mpiga picha na shangazi, halafu yeye anashtukizwa na video ya baba yake kwenye skrini kubwa mbele ya wageni mia tatu. Mshtuko huo ndio unaoharibu shughuli. Machozi hayaiharibu. Anayejua kwamba jina la baba litatajwa wakati fulani hujiandaa, hulia kidogo, kisha anaendelea.

Mambo ya kukubaliana ni machache. Nani atasimama mahali pake? Kwa Waislamu sheria imeshapanga: baba, ambaye ndiye walii (anayemwozesha binti), akiwa amefariki, huja babu mzaa baba, kisha kaka, na baadaye ami. Kwa Wakristo hakuna kinachomzuia mama kumsindikiza bintiye hadi mbele ya madhabahu, na mara nyingi ndiye anayestahili kuliko mjomba aliyeonekana mara ya mwisho kwenye mazishi. Atajwe saa ngapi? Mapema, wakati wa sala au dua ya kufungua, kwa dakika moja au mbili, na baada ya hapo nderemo zianze. Akitajwa mwishoni, wageni wataondoka na machozi. Nani atakaa na mama? Huyu achaguliwe kwa jina, ajue chumba cha pembeni kiko wapi, awe na maji na leso, na asiwe mwanakamati anayekimbizana na wapishi.

Kaburi lizuriwe siku kadhaa kabla, si asubuhi ya harusi. Bibi harusi akitaka kubeba kitu cha baba, saa yake au kipande cha kikoi chake kilichoshonwa ndani ya gauni, abebe. Wengine hupenda kuweka kiti kitupu chenye picha. Mimi sikipendi kikiwa mbele kabisa, kwa sababu bibi harusi atakitazama jioni nzima bila mahali pa kukimbizia macho. Picha mlangoni, pale wageni wanapoingia, inatosha.

Wapo watakaosema machozi siku ya harusi ni mkosi. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa sababu bibi harusi alimlilia baba yake. Mwacheni alie.

Nyumbani wengine wanataka sikukuu ifanyike kama zamani, wengine hawataki hata kuisikia. Tufanyeje?

Kila mmoja hapo amefiwa na mtu tofauti. Mama amepoteza mume, ninyi baba, bibi amepoteza mtoto aliyemzaa. Si ajabu mkahitaji vitu tofauti. Zungumzeni mapema: Novemba kama ni Krismasi, kumi la kati la Ramadhani kama ni Idi. Kila mtu aseme jambo moja ambalo hataki lipotee na jambo moja ambalo mwaka huu hataliweza. Mtashangaa mambo yenyewe ni madogo. Mmoja anataka tu tambi zipikwe kama za mama. Mwingine hawezi kukaa meza ileile.

Kisha mgawane kazi za marehemu. Nani atachinja? Nani atapeleka sahani kwa majirani? Nani atawapigia simu ndugu walio Muscat na Minnesota? Kazi hizi zisipopata mwenyewe ndizo zinazozaa ugomvi saa nne asubuhi, na watu hudhani wanagombania mbuzi.

Mila zetu hapa zimetusaidia kuliko tunavyokiri. Uchagani, Desemba, watu hupanda migombani kutoka Dar es Salaam na Arusha, na makaburi yako palepale kihambani, kwenye shamba la familia. Huwezi kujifanya hayapo, unayapita ukienda kukata majani ya ng'ombe. Familia nyingi huanza kwa kusafisha kaburi pamoja, husali, ndipo hula. Pwani wapo wanaozuru makaburi baada ya swala ya Idi, wakasoma dua, wakarudi kula. Huzuni inapata saa yake, na chakula kinapata saa yake.

Ruhusa ya kupunguza ipo. Mliokuwa mnapikia watu hamsini, mwaka huu pikieni kumi. Na jambo moja nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona linavyovunja ndugu: msijadili mirathi siku ya sikukuu eti kwa kuwa wote mpo. Pangeni siku nyingine, tumbo likiwa tupu na akili imetulia.

Mjane yuko edani na Idi imeangukia humo. Afanye nini?

Eda yake ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ni mjamzito. Katika muda huo hajipambi, lakini hakukatazwa kula vizuri, kutembelewa wala kucheka na wajukuu. Kosa la kawaida ni kumwachia msichana mmoja wa kazi huku wengine wote wakizunguka mjini. Mpelekeeni Idi nyumbani: watoto wapite kwake kwanza baada ya swala, na mtu alale naye usiku huo.

Mtoto wetu ana miaka sita. Tulimwambia baba amesafiri. Sasa anauliza kama atarudi Krismasi.

Mwambieni ukweli, na mwambieni kabla ya sikukuu, si siku yenyewe. Sikukuu ndiyo siku ambayo wasafiri hurudi, kwa hiyo atakaa mlangoni. Mtoto mdogo chini ya miaka mitano huwa hajaelewa kwamba aliyekufa harudi. Kati ya miaka mitano na saba wengi huanza kuelewa, wakisaidiwa kwa maneno ya wazi.

Mtu anayemwamini akae naye chini, asiwe na haraka, aseme hivi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi. Tulikwambia amesafiri kwa sababu tuliogopa utaumia sana. Tumekosea, utusamehe. Hakufa kwa sababu ya kitu ulichofanya." Sentensi ya mwisho ni ya lazima, kwa kuwa watoto hujilaumu kimya kimya. Msiseme amelala, ataogopa kulala. Msiseme Mungu alimpenda sana akamchukua, ataogopa kupendwa na Mungu. Imani yenu mfundisheni, ila baada ya ukweli, si badala yake.

Atauliza swali lilelile kesho na keshokutwa. Jibuni vilevile. Atalia, kisha baada ya nusu saa atataka mpira, na hapo watu wazima hudhani hajali. Watoto huomboleza hivyo, vipande vipande. Akianza tena kukojoa kitandani au kung'ang'ania nguo ya mama, asigombezwe. Siku yake ya kuzaliwa ikifika, aulizwe kama anataka kumchorea baba kadi na wapi iwekwe. Mkihitaji ushauri kuhusu mtoto, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa watoto, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure.

Mtoto wangu alifariki siku aliyozaliwa. Hakukuwa na matanga. Kwenye arobaini ya mtoto wa wifi natakiwa nishangilie.

Unaruhusiwa kutokwenda. Tuma zawadi, tuma salamu, baki nyumbani. Mama aliyepoteza kichanga huambiwa haraka "utapata mwingine", huku mwili bado unatoa maziwa. Baba yake mtoto naye hakuna anayempa pole. Kama mlimpa jina, litajeni nyumbani tarehe yake inapofika.

Mimi ni mgeni tu. Niseme nini?

Taja jina la marehemu. Watu huogopa kumkumbusha mfiwa, kana kwamba alikuwa amesahau. "Leo nimemkumbuka Mzee, alivyokuwa akitukaribisha hapa mlangoni" ni zawadi kubwa kuliko soda. Usimwambie ameshakaa sana na msiba. Na badala ya "ukihitaji kitu sema", fika na gunia la mkaa, au wachukue watoto kwa saa tatu ili alale.

Ni lini huzuni inahitaji mtaalamu?

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, limeitambua huzuni ya kufiwa inayorefuka kupita kiasi. Huzungumziwa pale ambapo angalau miezi 6 imepita, hamu ya kumtaka marehemu haimwachi mtu karibu kila siku, imezidi yale ambayo mila na dini yake huyatarajia, na kazi, malezi au usafi wake umeharibika. Kulia sana siku ya Krismasi peke yake si dalili hiyo.

Jambo moja halisubiri miezi. Mfiwa akisema anataka kumfuata marehemu, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za shambani na sumu ya panya, na mpeleke kituo cha afya siku hiyo. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa namba 1199. Tanzania, anzia hospitali ya wilaya. Muhimbili na Mirembe ya Dodoma zina madaktari wa magonjwa ya akili.

Tiba yenyewe kwa kawaida ni mazungumzo ya vikao kadhaa, na dawa huongezwa kama kuna sonona pia. Mapokezi huna haja ya kueleza mengi. Sema, "Nimefiwa, silali, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili," na unaweza kuingia na ndugu unayemwamini.