Taa ya sindano: maana yake kwenye mashine ya kudarizi

Taa ya sindano ni taa ndogo inayofungwa kwenye kichwa cha cherehani ili mwanga uangukie pale pale sindano inapotoboa kitambaa. Eneo lenyewe halizidi kiganja cha mkono: kuna tundu la sahani ya chuma ambamo sindano hupita, mguu unaokandamiza kitambaa, ncha ya sindano, na mishono michache iliyotoka kushonwa sasa hivi. Mafundi wengi huichukulia kama nyongeza tu, kitu cha kununua pesa ikibaki. Nadhani wanakosea, na kosa hilo linatokana na kudhani kwamba mwanga wa chumba ukiwa mwingi wa kutosha, sindano nayo itaonekana.

Angalia mashine ya kudarizi ya kiwandani inavyofanya kazi. Kwenye cherehani ya kawaida fundi hushika kitambaa na kukiongoza kwa mikono. Kwenye mashine ya kudarizi kitambaa hubanwa kwenye fremu, na mota ndizo zinazoisukuma fremu mbele, nyuma na pembeni kufuata mchoro. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na sindano 9, 12 au 15, kila moja na rangi yake ya uzi, lakini inayoshona kwa wakati mmoja ni moja tu. Rangi ikibadilika, safu nzima ya sindano huteleza upande mpaka sindano inayotakiwa ikae juu ya tundu. Kwa hiyo mahali pa kushonea hapahami hata kidogo. Kwa mtu anayefunga taa hiyo ni nafuu kubwa, kwani akishailenga mara moja hana haja ya kuifukuzia kazi.

Tatizo ni kwamba mahali hapo pako chini ya paa la chuma. Kichwa cha mashine, na sindano zake zote zilizojipanga pamoja na vyuma vya kuvutia uzi, kinaning'inia juu ya tundu. Taa za darini zinapiga juu ya kichwa hicho, na kivuli chake kinaangukia hasa pale unapotaka kuona. Fundi akiinama aangalie vizuri, anaongeza kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Ongeza tyubu mbili darini, kivuli hakitoki, kinasogea tu.

Mwanga unaofika juu ya kazi hupimwa kwa laksi, yaani lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Kiwango cha Ulaya kinachohusu taa za sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka laksi 750 kwa kazi ya kushona, na laksi 1,500 kwa kurekebisha kitambaa bila alama kuonekana. Umbali nao una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri: ukipunguza umbali wa taa kwa nusu, mwanga unaofika huwa mara nne. Ndiyo maana taa ya LED ya wati 2 tu, ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye sindano, huizidi kwa mbali tyubu ya wati 40 iliyo mita mbili juu. Na umri una haki yake. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha mpaka ndani karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Fundi mzee anayelalamika kwamba haoni kwenye mashine ambayo kijana wake anaiona vizuri hadekezi macho. Anahitaji mwanga zaidi, na astahili kupewa.

Lakini wingi wa mwanga ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni upande mwanga unakotokea.

Chukua kazi ambayo kila karakana huipata: maandishi meusi juu ya fulana nyeusi, mteja anataka jina lionekane kwa kung'aa kwa uzi peke yake. Sindano ya namba 75/11 ina unene wa milimita 0.75. Nyuzi za herufi zimelala bega kwa bega, zikiachana kama milimita 0.4. Mashine inapiga mara 800 kwa dakika, zaidi ya mara 13 kwa sekunde, na hakuna jicho linaloweza kuhesabu mshono mmoja mmoja. Anachotafuta fundi ni dalili: vidoti vyeupe vya uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, vinavyochungulia pembeni mwa herufi, kitanzi kidogo kilichosimama, kitambaa kinachoanza kukunjamana. Mashine ina kihisi kinachoisimamisha uzi wa juu ukikatika, ila uzi wa juu ukikaza kupita kiasi na kuvuta wa chini juu, yenyewe inaendelea kushona kana kwamba hakuna kitu. Ukiviona vidoti hivyo kwenye herufi ya kwanza, unalegeza uzi na kuendelea. Ukiviona jina likiwa limeisha, unakaa na wembe kufumua, na fulana huenda isirudi kuwa mpya.

Sasa mulika kazi hiyo kwa taa iliyo mbele yako, juu kidogo ya macho. Uzi na kitambaa vinakuwa bonge moja jeusi. Polisita ya kudarizia husokotwa kwa nyuzinyuzi ambazo ukizikata kati zina umbo la pembetatu, makusudi ili zirudishe mwanga, kwa hiyo unachopata ni mng'ao machoni na si umbo la herufi. Ishushe taa hiyo hiyo pembeni, mwanga ulale karibu na kitambaa. Kila safu ya uzi inatupa kivuli chembamba upande wa pili, na herufi inainuka kama imechongwa. Mafundi wa kupiga skimu ukutani wanaijua siri hii siku nyingi. Hawamuliki ukuta kwa mbele, wanaegemeza taa ubavuni mwa ukuta, na kila bonde na kila kinundu kinajitokeza.

Kwa sababu hiyo sipendi taa mbili zenye nguvu sawa, moja kila upande, ingawa zinauzwa hivyo kama seti. Zinafaa wakati wa kutunga uzi kwenye tundu la sindano, ambapo kivuli ni kero. Wakati mashine inashona, zinafutiana vivuli na kazi inarudi kuwa bapa. Taa moja ya pembeni inatosha. Ukitaka mbili, ya pili iwe hafifu.

Rangi ya mwanga ni jambo jingine, nami lilishanigharimu. Nilidarizi nembo ya shule kwenye sweta za rangi ya damu ya mzee, nikalinganisha uzi na kitambaa chini ya taa ya LED ya bei rahisi, vikaonekana ndugu wa tumbo moja. Mteja alizitoa nje juani, na uzi ukaonekana umeelekea zambarau. Sikuwa na la kujibu. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na taa dhaifu kwenye rangi nyekundu huwaonea zaidi wekundu na maruni, rangi ambazo shule zetu zinazipenda mno. Kwenye maboksi ya taa nzuri huandikwa Ra au CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, kinachoishia 100. Kwa kuchagua nyuzi tafuta taa ya 90 na zaidi.

Kuna pia kupepesa. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hetsi 50, na tyubu za zamani zenye choki hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde. Taa nyingi za LED za bei ya chini hufanya vivyo hivyo. Jicho halioni kufifia huko, lakini mashine inakufichua. Sindano inayopiga mara 1,000 kwa dakika hukamilisha safari yake ndani ya muda ule ule ambao mwanga umewaka mara 6 kamili. Mwanga unaikuta sindano kwenye vituo vile vile sita, mzunguko baada ya mzunguko, na gurudumu la pembeni lenye alama linaweza kuonekana limesimama au linarudi nyuma polepole, ilhali liko mbioni. Mtu akiamini macho yake akapeleka kidole, ataumia. Kujaribu ni rahisi: elekeza kamera ya simu kwenye taa, iwe kwenye video ya mwendo wa polepole ikiwezekana. Ukiona mistari myeusi inatambaa au mwanga unapepea, usiifunge taa hiyo karibu na sindano.

Balbu za zamani za waya, zile za wati 15 zilizokuja na cherehani za chuma, hazina sababu ya kurudi. Zilichoma vidole, na mtetemo wa mashine uliukata waya wake kila mara.

Taa za siku hizi zina shingo inayokunjika na sumaku kwenye kitako. Zima mashine kabla ya kuifunga, kisha isogeze fremu kwa mkono mpaka mwisho wa kila upande uone kama inagusa shingo au waya. Fremu ya kofia ndiyo msumbufu zaidi, kwani huzunguka na kuja na upindo mzima wa kofia, na taa iliyokaa vizuri kwa fulana huweza kugongwa na kofia ya kwanza. Adapta ya volti 12 ni bora kuliko taa inayokula moja kwa moja umeme wa ukutani, kwa kuwa waya ukichubuka kwenye mwili wa chuma, anayeshika chuma hicho ni wewe. Kama mashine yako ni ya zamani na bado inasoma michoro kwenye disketi, sumaku isizisogelee, itafuta michoro.

Kuipata nafasi sahihi, bana kitambaa cheusi chenye mishono myeusi kwenye fremu, mashine ikiwa imezimwa, zima taa za darini, kisha izungushe taa taratibu toka mbele kwenda ubavuni huku ukishuka. Kuna mahali ambapo herufi zitatokea ghafla. Zungushia kalamu ya rangi hapo sumaku ilipokaa, maana mtetemo utaishusha shingo siku hadi siku, na siku moja mtu ataing'oa taa hiyo kutafutia sindano iliyoanguka chini ya meza.