Vita vya Burundi na utaifa wa Warundi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Wahutu na Watutsi ni mataifa mawili yaliyofungwa pamoja na wakoloni, hivyo vita havikuepukika.

Burundi ilikuwa ufalme wenye mwami wake kabla Wajerumani hawajafika. Wahutu, Watutsi na Watwa wanasema Kirundi kimoja na wanaishi vilima vilevile. Mwaka 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore na chama chake cha Uprona walishinda uchaguzi kwa kishindo, wakiungwa mkono na Wahutu na Watutsi. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, akauawa. Kilichowagawa watu ni kugombea dola: nani ashike jeshi, nani asome, nani apewe kazi. Hofu iliyoachwa na mwaka 1972, jeshi lililoshikwa na Watutsi lilipowaua Wahutu wengi, ilikuwa bado hai wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, mwaka 1993, na vita vikaanza.

Dhana: Vita viliufuta utaifa wa Warundi.

Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wanafunzi 40 wakauawa. Anayedai kwamba Warundi hawana taifa aanze kwa kuwajibu hao.

Dhana: Ukabila huisha ukikatazwa kutajwa.

Rwanda ilichagua njia hiyo. Burundi iliutaja waziwazi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioanza kusuluhishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Mandela, ulizaa katiba ya 2005: Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, viti 3 vya Watwa, na jeshi ambalo kabila moja halizidi nusu. Wengi walihofia kwamba migao hii ingeukomaza ukabila. Lakini Mei 2015, Bujumbura ilipowaka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, Wahutu na Watutsi waliandamana pamoja, na aliyeongoza jaribio la mapinduzi, Jenerali Godefroid Niyombare, alikuwa Mhutu aliyepigana msituni upande mmoja na rais huyo. Migao haikufuta uchungu wa waliofiwa, ila siasa ilipata mistari mingine ya kugawanyikia.

Dhana: Aliyekimbia ameacha kuwa Mrundi.

Wakimbizi wa 1972 walilea watoto Katumba, Mishamo na Ulyankulu, nchini Tanzania, kwa Kirundi na Kiswahili. Zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walirudi kwao, wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya.