Dripu haishibishi

Dripu siyo chakula. Nalisema hili wodini, kwenye korido, kwenye simu usiku, na bado haipiti wiki bila kumkuta mgonjwa ambaye hajatia kitu tumboni tangu alazwe, na ndugu zake wametulia kabisa kwa kuwa chupa inaning'inia pale juu. Sahani imefunikwa kwenye kabati la pembeni, ugali umeshakauka. "Sasa mwanangu, ale nini tena na dripu inaingia?" Bibi aliyeniuliza hivyo hakuwa mbishi. Alikuwa anashangaa kwa nini namsumbua mgonjwa.

Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, takriban kilokalori 85. Mtu mzima wa kilo 60 aliyelala kitandani anahitaji kilokalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Ili azipate kwenye dekstrosi hiyo itabidi umwingizie lita 9 hadi karibu 11, na maji hayo yatamuua kabla hajapata nguvu yoyote. Hiyo ndiyo dripu yenye kitu. Nomo salaini ina gramu 9 za chumvi kwa lita na haina kilokalori hata moja. Ringa, dripu nyingine ya maji na chumvichumvi, nayo karibu ni hivyo hivyo. Protini hakuna kwenye zote tatu, na mwili usioletewa protini unaanza kula misuli yake: mapaja, mabega, hata misuli ya kupumulia. Kidonda cha upasuaji kinagoma kufunga. Mgonjwa anakosa nguvu ya kukohoa na makohozi yanabaki kifuani.

Imani hii ina chanzo chake. Mgonjwa wa kipindupindu anafikishwa hajitambui, anatundikiwa Ringa, baada ya saa chache anakaa na kuongea. Watu wameliona hilo kwa macho yao. Kilichorudi mwilini ni maji na chumvi alizopoteza, na kwa kazi hiyo dripu sina neno nayo.

Na sisi watu wa hospitali tumo. Daktari anaandika "asile" kwa ajili ya upasuaji wa asubuhi. Miongozo inaruhusu mlo mwepesi mpaka zibaki saa 6 kabla ya nusukaputi, na maji matupu mpaka zibaki saa 2. Mgonjwa wetu anafunga tangu jioni, upasuaji unaahirishwa alasiri ya siku ya pili, na anapoambiwa ale, jiko limeshafungwa. Kesho anafunga tena. Lile neno "asile" linabaki kwenye faili kwa kuwa hakuna aliyelifuta, na chupa pale juu inamtuliza kila mtu, kuanzia daktari hadi shangazi aliyekesha kwenye benchi. Ukiwa na mgonjwa wako wodini, uliza: haruhusiwi kula mpaka lini, na kama hawezi kumeza, atalishwa kwa njia gani? Usiondoke bila jibu.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba dripu inaombwa na mpira wa puani unakataliwa. Nikisema "tumwekee mpira wa kulishia" nyuso zinabadilika, na wapo wanaonivuta pembeni kuuliza kama ndiyo basi tena. Wagonjwa waliowahi kuwaona na mpira walikuwa mahututi na wengi walifariki, kwa hiyo mpira ukabebeshwa lawama ya ugonjwa. Lakini mpira ni njia tu ya kufika tumboni kwa mtu ambaye kumeza kumemshinda, kama yule wa kiharusi ambaye uji unampita kwenda kwenye mapafu. Anayemlazimishia vijiko kwa huruma anamtafutia nimonia. Tumbo linalofanya kazi litumiwe, kwa sababu hata ukuta wa utumbo unanyong'onyea usipopitishwa chakula.

Mpira una masharti yake. Kabla ya kumimina chochote, muuguzi ahakikishe ncha iko tumboni. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Baada ya kila mlo upitishwe maji safi. Uji mzito wa karanga usiochujwa utauziba, na mpira ukiziba usiku watu wanarudi mbio kwenye dripu. Uji mwepesi nao unapita vizuri ila hauna nguvu, ndiyo maana tunauongezea maziwa, mafuta na sukari.

Ipo lishe kamili ya kupitia mshipani, yenye amino asidi, mafuta, sukari, vitamini na madini. Ni ghali, inadai usafi wa hali ya juu, na ni ya mgonjwa ambaye utumbo wake umegoma. Ile chupa ya wodini siyo hiyo.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, yule ambaye mkanda wa kupimia mzingo wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5 au miguu yote miwili imevimba, dripu inaweza kuua. Moyo wake ni dhaifu na maji yanajaa mapafuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaiacha dripu kwa aliyeingia kwenye shoku, yaani damu haifiki vizuri mwilini. Wengine wanaolazwa waanze na F-75, maziwa maalumu ya kuanzia matibabu, kidogo kidogo, usiku na mchana.

Ndugu wakishanielewa, wanakuja na supu ya kuku, ndizi, juisi na mtindi siku hiyo hiyo, na hapo nalazimika kuwazuia. Aliyekaa siku nyingi bila kula akipewa wanga mwingi ghafla, insulini inapanda, madini ya fosfeti na potasiamu yanatoka kwenye damu na kukimbilia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Sukari ya dripu yenyewe inaweza kuanzisha balaa hilo. Vitabu vinasema anza na kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, upandishe huku ukipima damu. Mimi mara nyingi sina kipimo cha fosfeti, wala mizani ya kumpima asiyeweza kusimama. Uzito nakadiria kwa mzingo wa mkono. Nikienda polepole mno namwongezea njaa, nikienda haraka nahatarisha moyo wake, na sijawahi kuwa na uhakika nimepatia. Naanza na kidogo, thiamini (vitamini B1) inatangulia, kila asubuhi naangalia mapigo, pumzi na uvimbe wa miguu, na kiasi cha siku hiyo nakiandika baada ya hapo.