Mtu, kitu na ndege iliyotekwa

Ninapoanza kufundisha udhanifu wa Kijerumani, yaani falsafa ya akina Kant na Hegel, siandiki jina la Kant ubaoni. Naanza na ndege. Imetekwa, imejaa abiria, na watekaji wanaielekeza kwenye jengo lenye maelfu ya watu. Ndege za kivita zimeshairukia. Itunguliwe au isitunguliwe? Mikono karibu yote huinuka: itunguliwe. Abiria watakufa vyovyote vile, wanafunzi husema, basi heri wafe wachache.

Ujerumani ilitunga sheria kwa hesabu hiyohiyo. Januari 2003 mtu mmoja aliiba ndege ndogo, akazunguka nayo juu ya Frankfurt akitishia kuibamiza kwenye Benki Kuu ya Ulaya. Alitua salama, lakini Septemba 11 ilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Mwaka 2005 ikaanza kutumika sheria iliyomruhusu waziri wa ulinzi kuamuru ndege iliyotekwa itunguliwe, hata ikiwa na abiria ndani. Tarehe 15 Februari 2006, Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe ikakibatilisha kifungu hicho.

Majaji walisema kwamba kuwaua abiria ili wengine wapone ni kuwageuza vitu vya kutumiwa na dola. Hoja ya "watakufa tu" waliikataa: uhai uliobakiza dakika kumi una hadhi ileile ya uhai uliobakiza miaka hamsini. Walikataa pia dai kwamba anayepanda ndege ameridhia hatari hiyo.

Hapo ndipo namtaja Kant. Mwaka 1785, akiwa Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, aliandika kwamba kila kilichopo ama kina bei, ama kina hadhi. Chenye bei hubadilishwa kwa kingine cha thamani hiyohiyo. Chenye hadhi hakina mbadala, na mtu ni wa fungu hilo, kwa hiyo asitumiwe kama njia tu. Lile neno "tu" wengi hulipita. Kinyozi namtumia, naye ananitumia mimi nimlipe, na Kant hana neno na hilo. Anachokikataza ni kumtendea mtu kana kwamba hana makusudi yake mwenyewe. Baada ya Wanazi, Wajerumani wakaiweka hadhi ya binadamu katika ibara ya kwanza ya Katiba yao ya 1949. Katika miaka ya 1950 mwanasheria Günter Dürig akaifafanua hivi: hadhi huvunjwa pale mtu anapofanywa kitu.

Kant alilieleza hilo kwa maneno mawili ya Kijerumani yasiyo na undugu, Person na Sache. Sisi tuna shina moja, -tu. Badili kiambishi, mtu amekuwa kitu. Na hata majina ya watu yaliyovaa ki-, sarufi yetu huyarudishia utu wao: twasema "kipofu amekuja", hatusemi "kimekuja".

Hukumu ile ina sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya ndege wakiwa watekaji peke yao, kuitungua hakuvunji hadhi ya mtu. Si kwamba wao wameipoteza. Wamechagua kitendo na wanaweza kukiacha wakati wowote, hivyo kuwabebesha matokeo yake ni kuwatambua kuwa ni watu wa kuwajibika. Mimi humsikia Hegel hapo. Katika falsafa yake ya haki, iliyotoka Berlin mwishoni mwa 1820, alisema adhabu humheshimu mhalifu kama kiumbe mwenye akili. Kumtawala mtu kwa vitisho, alisema, ni kumwinulia fimbo kama mbwa.

Wanafunzi huniuliza kama watu hawa hawakutudharau sisi Waafrika. Walitudharau. Kant aliandika maneno ya aibu kuhusu watu weusi mwaka 1764, na Hegel aliwafundisha wanafunzi wake kwamba Afrika haina historia. Siyafichi, na nawasomesha maandishi yenyewe. Kisha nawaambia wachukue kipimo cha hadhi, wawapime nacho hao waliokitunga, wasiwahurumie.

Sasa swali la ndege limeshuka barabarani. Mwaka 2017 tume ya maadili ya Ujerumani kuhusu magari yanayojiendesha ilipiga marufuku gari kuchagua wa kugongwa kwa umri, jinsia au afya ya mwili, na mwaka 2021 katazo la kuwapima watu kwa sifa zao likaingia katika sheria. Lakini tume iliacha mlango wazi kidogo: kupanga mapema programu ya jumla inayopunguza idadi ya majeruhi huenda kukakubalika. Je, hesabu tuliyoifukuza Karlsruhe imerudi kwa mlango wa nyuma? Nadhani hapana. Abiria wa ndege ile tayari walikuwa watu hawa, viti hivi. Programu inapoandikwa, kila mpita njia bado yuko katika hatari sawa na mwenzake, na bado hakuna aliyeteuliwa afe kwa ajili ya mwingine. Nusu ya darasa langu hawakubali jibu hilo, na kipindi kikiisha huendelea kubishana koridoni.