Eti mtoto mwenye mahitaji maalum hawezi michezo ya pati?

Kuna watu wanaamini ukialika mtoto mwenye mahitaji maalum kwenye besdei basi umtafutie shughuli yake ya pembeni, akae na mama yake wapake rangi huku wenzie wanakimbizana. Hapana jamani. Mara nyingi shida siyo mtoto, shida ni sheria za mchezo, na hizo tunazitunga wenyewe.

Chukua ule wa kugombania viti muziki ukizimwa. Wa kiti cha magurudumu hawezi, kiziwi hajui muziki umezimwa saa ngapi, mwenye usonji zile kelele na kusukumana vinaweza kumvuruga kabisa. Sasa toa viti, tandika vitambaa chini, gurudumu likigusa inahesabika, muziki ukikata mtu anainua bendera, sauti punguza, na asitolewe mtu, vitambaa vikipungua wote wanabanana kwenye kilichobaki, hapo ndo vicheko vinapoanza.

Na siyo huruma hiyo. Goalball, mchezo wa wasioona ulioanza 1946, mpira una kengele ndani na wachezaji wote wanafunikwa macho, hata anayeona kidogo, so wanakuwa sawa. Hata sebuleni inawezekana, ila anayeogopa giza usimlazimishe.

Maputo ya kupasua, kwa ule mlio wake wa ghafla, mimi ningeyaacha tu. Halafu muulize mzazi mapema, na mtoto mwenyewe pia, akisema anataka kushika rimoti ya muziki mpe, hiyo kazi wote wanaitaka.