Hamisha sifuri kwanza

Algoritimu mpya za makundi, yaani programu zinazotafuta jibu bora kwa kuiga makundi ya wanyama, hazikomi: mbwa mwitu, nyangumi, popo, kila mnyama na jedwali lake la matokeo. Humo utakuta fomula ya Rastrigin, ya majaribio na yenye mabonde mengi ya kupotosha, imemalizwa kwa mizunguko michache, jibu 0 kamili. Usiharakishe kupiga makofi. Thamani ya chini kabisa ya Rastrigin iko pale kila x ni 0, na algoritimu kadhaa huvutwa na 0 bila hata kuitazama fomula.

Ugonjwa uko katika hatua ya kusogea. Ile ya mbwa mwitu huzidisha nafasi ya kiongozi kwa namba ya bahati kati ya 0 na 2, ndipo itoe nafasi ya mfuasi. Kiongozi akiwa kwenye 0, kuzidisha hakubadili kitu. Akiwa mbali, vurugu inakua. Tuseme unatafuta pa kuchimba visima vya Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya jiji la Lubumbashi, Kongo. Ukiweka 0 katikati ya Lubumbashi, majibu yatapendeza. Ukitumia digrii halisi za latitudo na longitudo, karibu -11.66 na 27.48, mbwa mwitu walewale watarushwa nje ya ramani na kubanwa mipakani.

Kipimo ni rahisi: fomula ya jaribio ikiwa f(x), chagua vekta o (nafasi mpya ya sifuri) kwa bahati ndani ya eneo la utafutaji, tafuta jibu la f(x − o), rudia mara 30, kisha linganisha mediani (jibu la katikati) na ile ya f(x). Zikitofautiana sana, mnyama huyo mtupe.

Mimi narudi kwenye kundi la chembe (PSO) la Kennedy na Eberhart, la 1995, pamoja na w iliyoongezwa na Shi na Eberhart mwaka 1998:

v = w·v + c1·r1·(p − x) + c2·r2·(g − x)

Hapa x ni nafasi ya chembe, v kasi yake, p nafasi bora iliyowahi kufika, g nafasi bora ya kundi zima; w, c1 na c2 ni vizidishi unavyochagua, r1 na r2 ni namba za bahati kati ya 0 na 1. Humu namba za bahati huzidisha tofauti za nafasi tu, kwa hiyo 0 haipendelewi. Anza na w = 0.7298, c1 = c2 = 1.49618, thamani zitokanazo na kazi ya Clerc na Kennedy ya 2002. Ukiacha w = 0.9 na kila c = 2, kasi hulipuka. Bahatisha r1 na r2 upya kwa kila mhimili wa x, siyo mara moja kwa chembe nzima. Chembe ikivuka mpaka, irudishe ukingoni na kasi ya mhimili huo iwe 0. Ukisahau kasi, itagonga ukuta uleule tena na tena.

Kundi likiganda mapema, usiongeze chembe. Zipange duara, kila moja isikilize majirani wawili badala ya g ya wote. Itachelewa, lakini mabonde mengi hayatarukwa.

Na kwa kuwa umeme hukatika: hifadhi x, v, p na hali ya kizalishaji cha namba za bahati. Bila hiyo ya mwisho, hesabu itaendelea, ila hutaweza kuirudia ilivyokuwa.